Fanya Kwanza Hewani

Shemeji yangu Revelian hajui kukaa. Ukimpa kiti atakisogeza, atakigeuza, kisha atasimama. Chai anainywea mlangoni, jicho moja liko barabarani. Dada yangu Auleria, ambaye ni mke wake, anasema hata siku ya harusi yao kule Muleba padri ilibidi amnong'oneze, "Bwana harusi, tulia basi." Si mkorofi hata kidogo. Ni mikono yake tu. Inatangulia, yeye mwenyewe anaifuata.

Kazi yake ni kutengeneza mashine za hospitali. Si zile hospitali kubwa zenye mafundi wao. Yeye anahudumia zahanati na vituo vidogo vya mitaani, ambako mashine ikifa inasukumwa kwenye kona na kufunikwa kitambaa. Asubuhi alikuwa anatoka hapa Kawe na begi mgongoni, mchana yuko Kinondoni, jioni utasikia yuko Mbagala, na katikati ameshapitia Vingunguti. Akifika anasalimia mbiombio, anapiga magoti, anafungua mfuniko, na kabla hujamletea maji ya kunywa unamkuta amesimama anafuta mikono. Ukimuuliza tatizo lilikuwa nini, anasema, "Tayari." Ukimuuliza likirudi tufanyeje, anasema, "Nipigie." Basi. Manesi wa vituo vile walimpenda kwa kazi, ila hakuna aliyewahi kujua alichokuwa anakifanya mle ndani ya mashine. Mgongo wake ulikuwa unaziba kila kitu.

Mie ni Fransis, mdogo wake Auleria. Naendesha bajaji, na nilipangiwa chumba cha nyuma nyumbani kwao. Ndiyo maana haya niliyaona kwa macho yangu, tena mengine nikiwa nimeshika simu.

Mwaka jana, masika yakiwa bado hayajaanza, Revelian aligongwa na pikipiki akivuka barabara Mwananyamala. Alikuwa anakimbia, kama kawaida yake. Mfupa wa paja ulivunjika, na ule wa chini ya goti ukapasuka. Hospitali walimtia vyuma, wakamrudisha nyumbani na amri moja: mguu usiguse chini mpaka wenyewe watakaposema.

Jamani. Afadhali wangemfunga jela. Kitanda tulikihamishia sebuleni ili aone dirishani, lakini kuona nako kulimtesa. Kila bodaboda iliyopita iliondoka na roho yake. Wiki ya kwanza alitengeneza feni. Feni ilikuwa nzima. Akafungua redio, akafungua pasi ya dada, akafungua saa ya ukutani iliyokuwa inakwenda vizuri tu, na tangu hapo ikawa inatangulia. Usingizini vidole vyake vilikuwa vinacheza juu ya shuka kama mtu anayetafuta skrubu iliyomponyoka. Auleria, ambaye ni mwalimu wa darasa la kwanza na amezoea vitoto visivyotulia, alifikia kuniambia jikoni, "Fransis, huyu mtu ataniua. Leo ameniuliza kama anaweza kufungua jiko la gesi."

Mwanzoni simu zilikuwa nyingi. Vituo vyote vilikuwa vinamtafuta. Akasema haina shida, nitawaelekeza kwa video, wao wafanye nami nikiwaona. Alifurahi kweli siku hiyo, akaomba hata kunyolewa ndevu.

Wa kwanza alikuwa Benson, mtu wa maabara wa kituo kimoja Mbagala. Mashine yao ya kuchemshia vifaa ilikuwa haijazi maji. Nilikuwa nimekaa pembeni nasikia.

"Legeza hiyo nati ya kushoto," Revelian akasema.

"Kushoto kwangu au kushoto kwako?"

"Kushoto! Kushoto ni kushoto. Hiyo hapo."

"Hii?"

"Siyo hiyo. Hii hapa. Hapa!" Na akawa anabonyeza kioo cha simu kwa kidole mpaka ukucha ukawa mweupe. "Hapa! We huoni?"

Benson wa watu ataona nini? Alikuwa anaona uso wa Revelian umemjaa kwenye kioo, umekunja ndita, unapiga kelele. Alilegeza nati aliyoidhania, maji yakamwagika sakafu nzima. Bahati yalikuwa ya baridi. Revelian alikata simu, akairusha godoroni, akageukia ukuta.

Ilikuwa hivyo hivyo kwa aliyefuata, na kwa mwingine. Kila mmoja akapewa maneno makali. Taratibu simu zikapungua, halafu zikakoma kabisa. Hapo ndipo nilipomwona mtu akiteseka. Mguu ulikuwa unamuuma, ndiyo, lakini ile simu isiyolia ilikuwa inamla. Alikuwa anaiwasha, anaitazama, anaizima. Dada akimwambia ale, anasema nitakula. Ukirudi, chakula kimepoa.

Ikaja ile Jumapili ya mvua.

Ilianza kunyesha alfajiri na haikupumzika. Bajaji nilikuwa nimeipaki, barabara zilikuwa mito. Auleria alikuwa anasahihisha madaftari ya watoto. Mchana simu ya Revelian ikalia, wote tukashtuka. Alikuwa Hamida, nesi wa zahanati moja ya Vingunguti. Huyu Hamida ni mtu wa Newala, mfupi, sauti ya mamlaka, na haogopi mtu. Nilikuwa nimewahi kumpeleka shemeji pale, nikamwona akimfukuza mwanaume mzima aliyekuwa anavuta sigara dirishani pa wodi.

"Fundi, habari za mguu?" alisema. Hakungoja jibu. "Nina kichanga hapa. Kimezaliwa kabla ya siku zake. Mashine ya oksijeni inaunguruma lakini inapiga kengele, taa nyekundu. Nimemhamishia mtoto kwenye mtungi, ila mtungi wenyewe ni mdogo na mshale unakaribia chini. Gari la kumpeleka hospitali kubwa limekwama ng'ambo ya maji. Daktari wa zamu yuko chumba cha pili na mama mwingine anajifungua. Niambie cha kufanya."

Revelian alijaribu kusimama. Nakuambia, aliuteremsha mguu wake wa vyuma kitandani, Auleria akamrukia na kumshika mabega, akamwita kwa jina la binti yao aliye shule ya bweni.

"Baba Tekla! Unakwenda wapi?"

"Vingunguti."

"Kwa mguu upi?"

Akabaki ameketi. Kisha akashika simu kwa mikono yote miwili. "Sista, nionyeshe mashine."

Picha ikageuka. Tukaona chumba kidogo, kitanda, na juu yake msichana mwenye khanga kichwani, mtoto amelazwa kifuani kwake ngozi kwa ngozi, mdogo mno, amefunikwa kofia ya sufu. Yule alikuwa Yasmini, mama yake mtoto. Alikuwa anatazama ule mshale wa mtungi tu. Kisha tukaiona mashine, kama kabati dogo lenye magurudumu. Kwa asiyeijua, kazi yake ni kuvuta hewa ya chumbani, kuichuja na kutoa oksijeni, haihitaji kujazwa. Aliyekuwa ameshika simu upande ule alikuwa mlinzi wa zahanati, mzee Badru, mtu mzima mwenye koti la mvua.

"Imepatwa na nini?" Revelian akauliza.

"Asubuhi paa lilivuja tukaihamisha chumba. Ilijigonga kizingitini," Hamida akajibu.

"Ichomoe kwenye umeme. Fungua mfuniko wa nyuma. Skrubu zipo hapo, na hapo, na hapo chini." Kidole chake kikawa kinagonga kioo.

"Hapo wapi?"

"Hapo!"

"Sikusikii, mvua!"

Kwa kweli hata sie tulikuwa tunasikia zaidi mvua kuliko mtu. Zahanati ile imeezekwa mabati na haina dari, na maji yalikuwa yanapiga kama kokoto. Revelian alipaza sauti. Hamida akapaza yake. Revelian akapiga kelele kabisa, mishipa ya shingo ikamtoka, na mie nikajua tayari, anakata simu, anairusha.

Hamida akaichukua simu mkononi mwa mzee Badru, akaileta usoni kwake karibu kabisa.

"Fundi, nisikilize. Unanyooshea kidole kitu gani? Mie hicho kidole sikioni. Naona pua yako. Nionyeshe mikono yako, bwana! Si mikono ndiyo inajua?"

Revelian alitazama mikono yake kana kwamba ameonyeshwa ya mtu mwingine.

"Fransis," akaniambia, "shika simu. Inamishie hapa juu ya shuka."

Nikasimama mbele yake, nikaelekeza simu kwenye mikono. Akafanya ngumi ya kushoto iwe ile mota ya chini inayosukuma hewa, kidole gumba akakisimamisha kama shingo ya kuingizia mpira wa hewa. Kwa mkono wa kulia akaonyesha skrubu ziko wapi, akazungusha kifundo kama anayefungua. Kule Hamida akaenda upande usio sahihi. Akarudia, akakosea tena.

Auleria alikuwa amesimama na kalamu nyekundu sikioni. "Fransis, toka hapo mbele," akasema. "Unamgeuzia kila kitu. Mimi nikimfundisha mtoto kuandika sisimami mbele yake, nakaa nyuma yake, mkono wangu unatokea begani kwake. Nenda nyuma ya shemeji yako."

Nikapanda kitandani nyuma ya Revelian, nikapiga magoti, nikapitisha simu juu ya bega lake ikitazama chini. Sasa picha ikaonyesha mikono yake kama anavyoiona mwenyewe. Tukamwashiria mzee Badru naye afanye vile vile. Akaelewa haraka, akasogea nyuma ya Hamida akainua simu juu ya bega lake. Na hapo, kwenye kioo kimoja, ikawa kama watu wawili wamekaa kiti kimoja: mikono minne, kushoto ni kushoto, kulia ni kulia.

Skrubu zilitoka. Mfuniko ukaondoka.

Ndani kulikuwa na mota, mitungi miwili ya kuchujia, na mipira ikipitana. Mtu asiyejua anaona utumbo. Revelian siku zote alikuwa anatafuta uvujaji wa hewa kwa sikio, anainamisha kichwa, anasikia *sss* na kazi imekwisha. Leo sikio halina kazi. Nilimwona akiuma mdomo, anafikiri. Kisha akanyofoa uzi kwenye pindo la shuka, akauning'iniza kwenye kijiti cha kibiriti, akaupitisha polepole hewani, sentimita kwa sentimita, juu ya ngumi yake. Akatoa kidole gumba, akaupulizia uzi. Uzi ukapepea. Akanyoosha kidole: hapo.

Hamida akaitikia kwa kichwa. Akachukua kile kijiti cha mbao cha kukandamizia ulimi, akafunga uzi wa pamba.

Akataka kuanza. Revelian akafungua kiganja wazi, akakisimamisha: subiri. Akachomeka kidole kwenye ngumi kuonyesha plagi na soketi, kisha akainua mikono yote miwili juu, mitupu, kama mtu aliyekamatwa na polisi. Hamida akaelewa. Akainua yake. Mikono yote ikiwa juu ndipo mzee Badru akachomeka umeme kwa mkono uliobaki. Tangu hapo ikawa sheria yao: umeme hauguswi mpaka mikono ionekane juu, ya huku na ya kule.

Basi Hamida akaanza kupitisha uzi. Haraka mno. Revelian akapiga shuka kwa kiganja, akarudia kumwonyesha: polepole, polepole zaidi. Na mie pale nyuma yake nilikuwa nausikia mwili wake wote unatetemeka kwa haraka, bega linanidunda kidevuni, ule mguu usiovunjika unagonga chaga za kitanda, lakini ile mikono ilikuwa inakwenda kama maji mazito. Sikuwahi kumwona hivyo. Ilikuwa kama ameiazima.

Uzi ukapepea. Chini, pembeni ya mota. Mpira ulikuwa umechomoka kwenye shingo yake, kilipu inayoubana imelegea.

Mikono juu. Umeme ukachomolewa.

Sasa kuurudisha. Revelian alitaka asukume huku anazungusha, na aubane kwa nguvu. Ila nguvu unaionyeshaje? Hamida alikuwa anagusagusa tu, anaogopa kuvunja. Revelian akafanya ishara mpya: akasukuma na kuzungusha hewani mbele ya simu, akamwonyesha yeye afanye hewani kwanza, bila kugusa kitu. Hamida akafanya hewani. Kifundo chake kikageuka kushoto. Revelian akatikisa kidole. Akageuza kulia. Kidole gumba juu: ndiyo. Halafu akakishika kidole gumba chake cha kushoto kwa mkono wa kulia, akakiminya, akakizungusha, na akasogeza mkono karibu na kamera ili Hamida aone ngozi inavyokuwa nyeupe.

"Angalia rangi!" akapiga kelele, ingawa alijua hasikiki. "Mpaka iwe rangi hiyo!"

Hamida alitazama kidole. Akatazama mpira. Akausukuma na kuuzungusha mpaka vidole vyake mwenyewe vikawa vyeupe kwenye kucha. Akabana kilipu. Mikono juu. Umeme.

Mashine ikaunguruma. Kengele ikalia. Taa nyekundu.

Revelian alisema neno la Kihaya ambalo sitaliandika. Mikono ikamwanguka mapajani. Auleria alikuwa ameshaacha madaftari, ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika rozari bila kuisali. Kwenye kioo tukamwona Yasmini amegeuza uso kwenye mtungi. Mshale ulikuwa umeingia kwenye eneo jekundu.

"Ningekuwepo," Revelian akasema. "Ningekuwepo pale ningeshajua. Nimemdanganya sista wa watu."

"Shemeji," nikamwambia, "anakuita. Tazama."

Hamida alikuwa amesimamisha kidole chake cha shahada mbele ya simu. Akakikunja. Akakinyoosha, akakikunja tena. Kisha akaonyesha nyuma ya mtungi wa kuchujia, mahali ambapo kamera ya mzee Badru haikuwa inafika, akarudia: kidole kilichokunjika. Revelian alikuwa haelewi. Akafanya na yeye, akakunja kidole chake, akakitazama.

"Mpira umejikunja!" akasema. "Kuna mpira mwingine umejikunja huko nyuma! Mie siuoni, yeye anauona!"

Akanyoosha kidole chake taratibu, kikawa wima, akakipangusa kwa mkono mwingine toka chini mpaka juu. Hamida akaitikia. Umeme ukachomolewa. Mkono wake ukapotea nyuma ya mtungi, sura yake ikajikunja kama mtu anayetafuta sarafu chini ya kabati, kisha ikakunjuka. Mikono juu. Umeme.

Kengele ikalia tena, ikanyamaza. Taa nyekundu ikageuka ya njano.

Hapo kilichobaki ni kungoja. Mashine zile hazitoi oksijeni safi papo hapo, zinajijenga taratibu. Revelian alijua hilo, Hamida naye alijua, ila kujua hakusaidii. Revelian akafungua kiganja juu ya shuka: subiri. Hamida naye akafungua chake mbele ya mashine. Vile viganja viwili vikakaa pale kwenye kioo, hakuna kinachotikisika, mvua inapiga. Mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi kwa kushika simu, lakini ningeuteremshaje? Auleria akaweka kiganja chake chini ya kiwiko changu akakiegemeza.

Taa ikawa ya kijani.

Hamida hakushangilia. Aligeuka, akachukua ule mrija mwembamba wa mtoto, akauhamishia kwenye mashine, akaweka sikio karibu na kifua cha kile kiumbe, akakaa hivyo muda. Kisha akamwinamia Yasmini, akamwambia kitu. Yule msichana ndipo akalia. Mzee Badru naye simu ikamyumba, tukaona paa, tukaona sakafu, tukaona viatu vyake vya mpira, halafu simu ikakatika.

Gari lilipita jioni maji yalipopungua. Mtoto akapelekwa hospitali kubwa na mtungi mwingine uliotoka huko, akakaa wiki kadhaa kwenye chumba cha joto. Alirudi Vingunguti ananyonya vizuri. Ni msichana. Hamida alitutumia picha, mtoto amevimba mashavu.

Ungedhani siku ile shemeji angelala usingizi mnono. Hakulala. Alikuwa anageuka na kugeuka, anajilaumu kwa ule mpira wa pili. "Ningekuwepo ningeuona," anasema. Auleria akamjibu, "Ungekuwepo usingemwachia hata autazame. Ulikuwa unawaziba kwa mgongo miaka yote." Shemeji akajipapasa mgongo. Baadaye kidogo akasema, "Kwani mgongo wangu mpana hivyo?" Dada alikuwa ameanza kucheka ndani ya mto.

Kesho yake alimpigia Benson wa Mbagala. Sikutegemea.

"Benson, kaka, nisamehe kwa siku ile. Nilikuwa nakugombeza kwa kosa langu. Ile mashine bado mbovu?"

"Bado. Sasa tunachemshia kwenye sufuria."

"Tafuta mtu asimame nyuma yako, ashike simu juu ya bega lako. Mimi nakupa mikono. Usiguse kitu mpaka ufanye kwanza hewani."

Walikaa nayo mchana mzima. Ilipona. Baada ya hapo simu zikaanza kurudi, moja moja, halafu nyingi. Mie nikachoka kupiga magoti kitandani. Nikapinda waya mnene wa nondo nikamtengenezea mkono wa kushikia simu begani kwake. Akawa anaonekana kama roboti. Watoto wa jirani walikuwa wanakuja kumchungulia dirishani, wanaigiza ishara zake, wanainua mikono juu na kupiga kelele, "Umeme!"

Mguu ulipona kwa kuchechemea. Siku aliyoruhusiwa kukanyaga chini alitaka twende Vingunguti moja kwa moja toka kliniki. Nikampakia. Hamida alitoka mlangoni, wakatazamana. Walikuwa wamezoeana kwa mikono. Mwisho Hamida akainua viganja vyake juu, Revelian naye akainua vyake, na mzee Badru akacheka mpaka akakohoa.

"Shikamoo, mzee wangu," Revelian akamwambia.

"Marahaba, fundi. Kumbe una miguu pia."

Usidhani amebadilika. Bado anazunguka, siku hizi na fimbo, na Auleria bado anamwombea atulie. Vituo vya karibu anakwenda mwenyewe, hata pale ambapo simu ingetosha. Anasema kwenye simu kuna vitu havipiti. Harufu ya waya unaoungua haipiti. Joto halipiti. "Naona mota, lakini sijui kama ni ya moto au ya baridi," ananiambia. "Nikimuuliza mtu, kila mmoja na ngozi yake. Mwingine anasema vuguvugu, kumbe inaunguza." Hilo lilikuwa linamkosesha raha kabisa.

Mwaka huu Hamida alihamishwa kurudi kwao, kwenye zahanati moja nje ya Newala. Akawa anapiga toka huko. Wiki iliyopita friji lao la chanjo liligoma, na wakiwa katikati ya kazi mtandao ukaanguka, ukagoma kurudi. Revelian alizunguka sebuleni mpaka jioni. Auleria akamwona anatafuta begi.

"Baba Tekla, unakwenda wapi?"

"Newala."

"Na mguu huo? Unajua Newala ni wapi?"

"Nimeshauliza nauli ya basi."

Alirudi juzi. Nilimkuta mezani, kavaa bado nguo za safari, vumbi jekundu kwenye nyusi. Nikamuuliza kuhusu friji. Akasema alipofika alikuta linafanya kazi, Hamida na wenzake wawili walikuwa wamelitengeneza wenyewe usiku ule ule mtandao ulipokatika. Hakukuwa na kazi ya kufanya. Alikaa siku nzima anawatazama wakimwonyesha walivyofanya.

"Sasa sikiliza," akaniambia, na macho yalikuwa yanamng'aa. "Wale wana ishara yao, mie siijui. Ya joto. Unagusa mota kwa kidole, halafu unashika ndewe ya sikio. Ukishika kwa ncha, ni vuguvugu. Ukiibana, ni moto. Ukiruka na kushika ndewe zote mbili kwa pamoja, chomoa umeme haraka. Hawakufundishwa na mtu. Ndivyo wanavyofanya jikoni wakiungua na sufuria."

Akanionyesha. Akagusa birika la chai, akashika sikio.

"Siyo hivyo," akasema, akajirekebisha. "Wao wanatumia mkono wa pili. Ngoja." Akagusa tena. Auleria akaingia na vikombe, akamkuta hivyo, ameshika sikio anatazama birika, akaweka vikombe chini na kuuliza kama ameungua.

"Sijaungua," Revelian akamwambia. "Najifunza."